Unajisi Si Dhambi: Mjadala wa Utakaso Mpakani Busia na Tororo

Mpaka wa Kenya na Uganda, unapoliacha Ziwa Viktoria na kupanda kaskazini kupitia miji miwili yenye jina moja la Busia hadi Malaba, huku mwamba wa Tororo ukionekana upande wa magharibi, unapita katikati ya watu ambao kwao Mambo ya Walawi, kitabu ambacho Wakristo wengi duniani hukiruka, ni kitabu kinachosomwa na kutumika. Wasamia na Wakhayo, Wateso na Jopadhola, walikuwa na taratibu zao za kumsafisha mtu aliyekaribiana na kifo, uzazi au damu muda mrefu kabla ya misionari kufika, na waliposomewa Torati walikuta humo mambo yasiyokuwa mageni kwao. Leo katika eneo hilo wamo Wakatoliki waliopokea imani kwa mapadre wa shirika la Mill Hill, na upande wa Uganda Wakatoliki hao wana Jimbo Kuu la Tororo. Wamo Waanglikana wa dayosisi za Nambale na Katakwa nchini Kenya na ya Bukedi nchini Uganda. Wamo waumini wa makanisa ya Roho na ya Israeli yaliyozaliwa magharibi mwa Kenya. Na mbele kidogo, barabara ya Tororo inapofika Mbale, wapo Abayudaya, yaani Waafrika wa mashariki mwa Uganda ambao wameshika dini ya Kiyahudi tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika.

Wote hao wanakubali kwamba mtu hasogei mbele za Mungu bila kuandaliwa, na maandalizi hayo ndiyo yanayoitwa utakaso. Wanachobishania ni kinachomfanya mtu awe najisi, kinachomsafisha, na hasa kama aliyeitwa najisi amekosa jambo lolote. Swali hilo la mwisho si la wanazuoni peke yao, kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayoamua mwanamke mwenye hedhi aketi wapi wakati wa ibada, mama aliyejifungua arudi lini kanisani, na mjane afanywe nini baada ya maziko ya mumewe. Sauti zinazosikika hapa si za watu fulani, bali kila moja imekusanya hoja za upande wake: Mwalimu wa Torati anasimama kwa ajili ya Abayudaya na mapokeo ya marabi, Katekista kwa ajili ya Kanisa Katoliki, Mlokole kwa ajili ya uamsho wa Kianglikana, na Mzee wa Roho kwa ajili ya makanisa ya mavazi meupe. Wa tano ni Mjane, Mkristo wa kijiji cha mpakani, ambaye mambo yanayojadiliwa na wengine yanaugusa mwili wake.

Mwalimu wa Torati: Katika Torati unajisi ni hali inayompata mtu kwa kuugusa mpaka wa uhai na kifo. Humpata aliyegusa maiti au kuingia katika nyumba yenye maiti, mwanamke mwenye hedhi, mama aliyejifungua, mwanamume aliyetokwa na mbegu, na mwenye ugonjwa wa ngozi ambao Biblia za Kiswahili huuita ukoma. Wazee wakipima orodha hiyo wataona kwamba mambo mengi yaliyomo ni ya lazima, na mengine ni wajibu mtakatifu: anayemzika baba yake anatii amri ya kumheshimu, lakini hutoka kaburini akiwa najisi kwa siku saba, na mama aliyezaa ametimiza baraka ya kwanza waliyopewa binadamu, lakini naye hungoja siku zake. Anachozuiwa najisi ni kuingia patakatifu na kula vitu vilivyowekwa wakfu, na njia ya kutoka katika hali hiyo ni kupita kwa muda, kuoga maji, na katika baadhi ya hali kutoa sadaka. Maji hayo ni ya mikve, yaani birika la maji yaliyokusanyika yenyewe kutoka mvua au chemchemi, yasiyopungua kipimo cha kale cha sea 40, ambacho ni mamia ya lita, na mtu huzama humo mwili mzima baada ya kuwa ameshaoga na kuondoa kila uchafu. Kwa kuwa anaingia akiwa ameshatakata, ni wazi kwamba mikve haikuwekwa kwa ajili ya uchafu wa ngozi.

Maelezo haya yameungwa mkono na utafiti wa zaidi ya nusu karne iliyopita. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekuwa amefanya kazi miongoni mwa Walele wa Kongo, alionyesha mwaka 1966 kwamba sheria za najisi na safi ni namna ya jamii kuupanga ulimwengu wake, na kwamba kuzieleza kama kanuni za afya za watu wa zamani ni kuzipotosha. Jacob Milgrom, katika ufafanuzi wake mkubwa wa Mambo ya Walawi ambao juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, aliona kuwa vyanzo vyote vya unajisi vimefungamana na kupotea kwa uhai. Jonathan Klawans naye, mwaka 2000, alitenganisha waziwazi unajisi wa aina mbili: upo wa kiibada, unaotokana na maumbile, unaoambukiza kwa mguso na kuondoka kwa maji na muda, na upo wa kimaadili, unaotokana na kumwaga damu, uzinzi na kuabudu sanamu, ambao hauambukizi kwa mguso, hauoshwi na birika lolote, na huichafua nchi yenyewe hadi iwatapike wakaao ndani yake. Tofauti hiyo inaonekana hata katika matokeo ya sadaka: mwizi anapoleta yake sharti aungame na kurudisha alichoiba pamoja na sehemu ya tano juu yake, ndipo asamehewe, ilhali mama aliyezaa haambiwi aungame chochote, na baada ya sadaka yake Torati haisemi kuwa amesamehewa bali kuwa amekuwa safi. Msomaji akilishika jambo hili moja atakuwa na kipimo cha kupimia karibu kila dai linalofuata katika mjadala huu.

Katekista: Mwalimu amefafanua vizuri, na Kanisa halina sababu ya kukana kwamba Musa hakumhukumu mama aliyezaa. Lakini kwa Mkristo mambo yote hayo yalikuwa kivuli cha yajayo. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Yesu anafundisha kuwa kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka moyoni mwake, wala si kile kinachoingia tumboni. Mwenye ukoma anapomkaribia, Yeye humgusa, na mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili anapolishika vazi lake, unajisi haupandi kwake bali uzima ndio unaoshuka kwa mwanamke. Ndiyo maana ubatizo hutolewa mara moja tu, tofauti na mikve inayorudiwa. Kanisa halikuyatupa maji kwa sababu hiyo, kwani yapo maji ya baraka mlangoni, yapo maji ya kunyunyizia waumini wakati wa Pasaka, na padre hunawa mikono kabla ya sala kuu ya ekaristi. Na kwa makosa ya baada ya ubatizo iko kitubio, na kwa wafu walioondoka bila kukamilika iko toharani, hali ya kusafishwa kabla ya kumwona Mungu.

Mwalimu wa Torati: Katekista asisahau kwamba Yesu huyohuyo, alipokwisha kumponya mwenye ukoma, alimtuma kwa kuhani akatoe sadaka iliyoamriwa na Musa, na kwamba Luka anamwonyesha Mariamu akienda Yerusalemu siku zake za utakaso zilipotimia, na kutoa jozi ya ndege, ambayo ilikuwa sadaka ya maskini. Wakristo wenyewe waliifanya siku hiyo kuwa sikukuu, tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu na Krismasi yenyewe. Hata Yohana Mbatizaji alikuwa Myahudi aliyewazamisha Wayahudi wenzake katika mto wa Kiyahudi, na Yosefo, mwandishi wa historia wa karne ya kwanza, anasema kuwa Yohana alitaka watu wautakase moyo kwa haki kwanza, ndipo maji yautakase mwili. Watu wa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, walishika kanuni iliyosema kwamba asiyekubali kutubu hata bahari na mito haitamsafisha. Na Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipomaliza sheria za mikve alikumbusha kwamba unajisi si matope yanayotoka kwa maji, bali ni agizo la Mungu ambalo linategemea nia ya anayezama. Waraka wa kwanza wa Petro unasema karibu jambo hilohilo juu ya ubatizo. Kwa hiyo anayedai kuwa Wayahudi walijua maji na Wakristo wakaja na moyo hajaisoma vizuri dini yoyote kati ya hizi mbili.

Mlokole: Wote wawili wanaongea kana kwamba watu huelewa nia. Katika vijiji vya hapa mtu hubatizwa, akapewa jina jipya, akaendelea kuiba ng'ombe ng'ambo ya mpaka, kwa sababu amefundishwa kwamba maji yamemaliza kazi. Uamsho ulikuja kwa sababu hiyo. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Kampala mwaka 1929, wakaomba na kusoma Biblia pamoja, hawakutafuta ibada mpya. Walitafuta toba ya kweli, na moto huo, uliowaka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Wokovu ni kuoshwa kwa damu ya Mwanakondoo, na ishara yake ni kutembea nuruni: kuungama dhambi hadharani mbele ya ndugu na kurudisha kilichoibwa. Walokole wamerudisha mbuzi, fedha za kanisa, hata mali za ofisi za serikali, bila mtu kuwadai.

Mwalimu wa Torati: Kwa jambo hilo Mlokole amesimama palepale wanaposimama marabi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inafundisha kwamba Yom Kipur, siku ya upatanisho ya kufunga na kuomba, husafisha makosa ya mtu kwa Mungu, lakini makosa ya mtu kwa jirani yake hayasafishwi na siku hiyo mpaka jirani ameridhishwa.

Makubaliano haya hayatajwi mara nyingi, labda kwa sababu Mlokole na Myahudi wa Mbale hawakai meza moja, lakini yana uzito. Pande zote mbili zinakataa utakaso unaomruka aliyeumizwa. Kufikia hapo imekwisha onekana kwamba mpaka ulio muhimu hautenganishi Agano la Kale na Agano Jipya, wala maji na damu. Unatenganisha hali isiyo na kosa, ambayo muda na maji vinatosha kuimaliza, na kosa la kweli, ambalo maji hayalifiki hata kidogo.

Historia ya Abayudaya yenyewe inaonyesha jinsi taratibu hizi zilivyopitana katika ardhi moja. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyebatizwa na Waprotestanti, aliiteka Bukedi, eneo linalojumuisha Tororo ya leo, kwa niaba ya Waingereza, kisha akakosana nao walipomnyima utawala aliotarajia. Akajiunga na Bamalaki, kanisa lililozuka Buganda mwaka 1914 na kujulikana kwa kukataa dawa za hospitali, na mwaka 1919, baada ya kuyasoma maagizo ya Torati mwenyewe, alijitahiri pamoja na wanawe. Wenzake walipomwambia kuwa hiyo ilikuwa desturi ya Wayahudi, alijitenga nao na kujihesabu Myahudi. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita ni kwamba kwa muda fulani wafuasi wake waliendelea kubatiza, wakishika tohara na Sabato kwa mkono mmoja na ubatizo kwa mkono wa pili, hadi Myahudi msafiri aitwaye Yosefu alipokaa nao miezi kadhaa katika miaka ya 1920 na kuwaeleza kwamba dini ya Kiyahudi haina ubatizo wa Kikristo, ndipo wakauacha. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Jamii yake ilipita katika marufuku ya Idi Amin miaka ya 1970, idadi yake ikapungua sana, na mwaka 2002 mamia ya watu wake walizama tena majini, safari hii mbele ya jopo la marabi wa mkondo wa Masorti kutoka Marekani na Israeli, kwa kuwa sheria inataka anayeingia katika Uyahudi azame katika mikve, na mwanamume aliyekwisha kutahiriwa atolewe tone la damu kama ishara ya agano. Gershom Sizomu, aliyekuwa kiongozi wao, alipata daraja ya urabi huko Los Angeles mwaka 2008. Hivyo familia ileile ingeweza kuwa na babu aliyebatizwa, mwana aliyekatazwa kubatiza, na mjukuu aliyezamishwa, na maji ya kila mmoja yakawa na maana yake.

Mzee wa Roho: Wasomi hawa wanauheshimu moyo hadi wanausahau mwili. Misionari walileta dini ya kukaa kwenye mabenchi na kusikiliza. Waafrika waliposoma Torati wenyewe waliona kwamba Mungu alimwambia Musa avue viatu, na kwamba mahali patakatifu hapaingiwi kama sokoni. Zakayo Kivuli alipolianzisha Kanisa la Israeli la Ninawi mwaka 1942, akitoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, waumini walivaa kanzu nyeupe na vilemba, wakaungama dhambi kabla ya kuingia, wakaacha pombe, tumbaku na nyama ya nguruwe. Katika makanisa mengi ya namna hii mama aliyejifungua hungoja siku zake, na mwenye hedhi hukaa nje au nyuma. Hakuna anayemtukana kwa kufanya hivyo. Ni heshima kwa mahali, na wengi wa wanawake hao wenyewe ndio wanaoilinda desturi hiyo.

Mwalimu wa Torati: Heshima ya Mzee inaeleweka, lakini mahali anapopalinda si pale Torati ilipopataja. Hekalu la Yerusalemu liliteketezwa mwaka 70, na majivu ya ng'ombe mwekundu, ambayo ndiyo yaliyoondoa unajisi wa maiti, hayapo tena. Kwa hesabu ya sheria kila Myahudi aliye hai leo, rabi pamoja naye, ni najisi wa maiti, na bado anasali. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inafundisha kuwa maneno ya Torati hayashiki unajisi, kwa hiyo mwanamke hakatazwi kusoma wala kuomba siku yoyote ya mwezi. Kinachobaki ni sheria za mke na mume nyumbani, za mikve baada ya hedhi, na za makuhani kutokaribia makaburi. Haki inataka isemwe pia kwamba katika jamii za Kiyahudi za Ulaya ya kati ilizuka desturi ya wanawake wenye hedhi kutoingia sinagogi, na wanasheria waliitaja kama desturi, wakijua kwamba haikuwa sheria.

Katekista: Kanisa nalo lina historia hiyohiyo. Katika karne ya tatu askofu Dionisio wa Aleksandria aliwazuia wanawake wenye hedhi kuingia kanisani, na wakati uleule kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa Siria kiitwacho Didaskalia kiliwakemea wanawake waliojizuia wenyewe, kikiwauliza kama Roho Mtakatifu waliyempokea katika ubatizo huwatoka kwa siku saba kila mwezi. Papa Gregori Mkuu, alipoulizwa kuhusu Waingereza mwaka 601, alijibu kwamba wasikatazwe, kwa kuwa kinachowatoka ni cha maumbile na maumbile hayana hatia. Hata ibada ya kumpokea kanisani mama aliyejifungua, iliyokuwa katika vitabu vya Wakatoliki na Waanglikana na kuletwa hadi hapa, iliandikwa kama ibada ya shukrani, ingawa watu wengi waliipokea kama ya kumsafisha.

Mzee ana hoja moja ambayo wengine hawajaijibu, nayo ni kwamba mwili huomba. Dini isiyomwambia mfiwa afanye nini kwa mikono na miguu yake humwachia nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa na mwingine. Tatizo ni nani anayeijaza mpakani hapa, na kwa gharama ya nani. Ndipo Mjane anapoingia.

Mjane: Wazee wamejadili hedhi na Hekalu, lakini hawajataja utakaso unaotisha kuliko wote katika vijiji hivi. Mume akifa, mke huambiwa kwamba amebeba kifo. Hawezi kupanda mbegu, kupika chakula cha wengine, wala kuingia katika nyumba za shemeji zake, mpaka asafishwe. Na kusafishwa huko, katika familia nyingi za Waluo na Waluhya, kumekuwa ni kulala na mwanamume, ama mrithi kutoka ukoo wa marehemu, ama mgeni aliyelipwa kwa kazi hiyo. Akikataa, mtoto akiugua ni yeye, mvua ikikosa ni yeye. Watu wamekufa kwa UKIMWI katika utakaso huo. Kenya imeutaja kwa jina katika Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 na kuuweka katika orodha ya ukatili, lakini wanaoutetea hufungua Biblia na kusema kwamba hata Israeli walikuwa na utakaso wa maiti na urithi wa wajane. Mwalimu aseme kama ni kweli.

Mwalimu wa Torati: Mama, si kweli hata kidogo, na inafaa jambo hili lielezwe polepole. Hesabu, sura ya 19, inasema kwamba mtu akifa hemani, kila aliyemo na kila anayeingia ni najisi siku saba. Haimtaji mjane. Ndugu wa marehemu, majirani waliobeba jeneza, mchungaji aliyekesha, wote wako katika hali moja naye, na wote hunyunyiziwa maji siku ya tatu na ya saba, wakafua nguo na kuoga, basi. Kuhusu tendo la ndoa, Walawi, sura ya 15, inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliolala pamoja huoga na kuwa najisi hata jioni, ingawa ni mume na mke halali. Maana yake ni kwamba katika Torati tendo hilo ni jambo ambalo mtu hujitakasa nalo baadaye. Haliwezi kuwa lenyewe ndilo linalotakasa. Anayesimamisha desturi hii juu ya Mambo ya Walawi amekigeuza kitabu kichwa chini.

Mzee wa Roho: Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamwamuru ndugu amchukue mke wa marehemu.

Mwalimu wa Torati: Inaamuru hivyo marehemu akiwa hana mtoto, ili jina lake lisifutwe, na hakuna neno moja la utakaso ndani yake. Ndugu asipotaka, mjane humvua kiatu mbele ya wazee wa mji na kuwa huru. Kitendo hicho huitwa halitsa. Marabi wengi kwa karne nyingi wamependelea halitsa kuliko ndoa hiyo, na mwaka 1950 marabi wakuu wa Israeli waliipiga marufuku ndoa yenyewe, wakaacha halitsa peke yake. Tena Mzee aangalie neno moja zaidi katika Hesabu 19, ambalo wasomaji wa kila kizazi wamelistaajabia: yule aliye safi, anayemnyunyizia mwenzake maji ya utakaso, huwa najisi mwenyewe hata jioni, na lazima afue nguo zake. Anayemtakasa mwingine ndiye anayelipa.

Katekista: Mwalimu hakukusudia kuhubiri Injili, lakini amegusa kiini chake, kwa kuwa Waraka kwa Waebrania unayataja majivu ya ng'ombe huyo unapoeleza damu ya Kristo, na fundisho lote la msalaba ni kwamba mtakasaji ndiye aliyebeba.

Hapa makala haya yanachukua upande bila kusita. Wayahudi na Wakristo wametofautiana juu ya nani anayetakasa na kwa nini, na tofauti hiyo haifai kufunikwa kwa maneno laini, lakini katika dini zote mbili gharama humwangukia anayetakasa. Katika utakaso wa wajane gharama yote humwangukia anayetakaswa: mwili wake, afya yake, mara nyingi na shamba lake, huku mtakasaji akiondoka na malipo. Kosa halikuanza kwa watu kuupenda sana mwili au kuikumbatia mila. Lilianza pale unajisi na dhambi vilipofanywa kitu kimoja, mjane akaonekana kuwa na hatia ya kifo asichokisababisha, na mwenye hatia akatafutiwa mtu wa kumtoa hatia hiyo. Makanisa yana sehemu yake katika hilo, kwa kuwa yamehubiri miaka mingi kwamba kila kinachoitwa najisi katika Biblia ni mfano wa dhambi, na msikilizaji aliyekwisha kufundishwa hivyo hawezi kulaumiwa akimtazama mwanamke anayeitwa najisi na kuona mwenye dhambi. Ni kweli pia, na lazima isemwe, kwamba vikundi vya Walokole na vya Roho vimewapa wajane wengi mahali pa kusimama walipokataa kurithiwa, wakasema kwamba wameoshwa tayari na hawahitaji mwingine. Kwa wanawake hao fundisho la damu halikuwa nadharia.

Mjane: Kama ni hivyo, basi wazee waseme ni nani aliye najisi katika matanga. Nabii Isaya, katika sura ya kwanza, anawaambia watu wajioshe, na anapoeleza kujiosha huko ni nini anafika kwa yatima na mjane, kwamba watetewe haki yao. Shemeji anayeng'oa mabati ya nyumba ya marehemu na kuhamisha alama za mpaka wa shamba huja kanisani Jumapili inayofuata, akachovya kidole katika maji ya baraka au akavua viatu mlangoni, na hakuna anayemwambia akae nyuma.

Mlokole: Mama amesema la kweli. Huyo anapaswa kuungama na kurudisha mabati.

Mwalimu wa Torati: Na shamba, pamoja na sehemu ya tano juu yake. Aina ya unajisi inayoichafua nchi ni hiyo.

Kuhusu desturi itakayochukua nafasi ya ile ya zamani, sauti hizi zinakaribiana kuliko ilivyotarajiwa. Wayahudi wanapotoka makaburini hunawa mikono, kila mmoja, jamaa na mgeni, na familia hukaa nyumbani siku saba ikihudumiwa na majirani. Katekista anakubali kwamba maji yaliyobarikiwa yanaweza kuwekwa kwenye lango la boma baada ya maziko, ili waombolezaji wote wanawe, na kwamba siku ya kuanua matanga sala ifanywe kwa ajili ya nyumba nzima bila kumtenga mjane. Mlokole ana shaka na maji, lakini anakubali sala. Mzee wa Roho anakubali yote mawili, na anaongeza kwamba kunyoa nywele, ambako familia nyingi bado hukufanya siku chache baada ya maziko, kubaki kwa wafiwa wote wanaotaka, wanaume na wanawake, bila kisu kimoja kutumiwa kwa wawili.

Kuhusu mwanamke mwenye hedhi, Mzee harudi nyuma. Anasema kwamba desturi hiyo ni ya kanisa lake na itaondolewa na wazee wa kanisa lake wakiona vyema, wala si na Talmudi au papa wa mwaka 601. Mjane anajibu kwamba wanawake nao wahesabiwe miongoni mwa wazee hao siku jambo hilo litakapoletwa, na Mzee anaomba apewe muda wa kulipeleka barazani.